Ufukwe wa jioni si ufukwe wa alfajiri: kulala kwenye hema kisiwani Mbudya

*«Mwalimu, jambo. Sisi tunakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Bwana yangu anaenda Dar es Salaam mwezi wa saba kufuata mizigo, na mwaka huu tunataka twende naye, mimi na watoto watatu (miaka 14, 10 na 6). Tumesikia kuna kisiwa kidogo kinaitwa Mbudya, ni hifadhi, na watu wanalala pale kwenye hema. Tunataka tulale siku mbili. Hema tunayo, tumeitumia mara tatu pembeni ya ziwa Moero, upande wa Kilwa. Kule tulikuwa tunaiweka karibu kabisa na maji ili upepo utupoze. Tunaweza kufanya vile vile? Maji ya kunywa tutachemsha ya pale pale, ili tusibebe mabidoni? Na mamba wapo? Mama mkwe anasema bahari ina mamba muntu (yule mwanamke wa majini wa hadithi) kuliko ziwa lolote, hataki wajukuu waende. Mwezi wa saba ni mzuri? Huyu wa miaka 10 ni SS, lakini tangu mwaka jana hajaumwa.»*

Mama, jambo sana. Umeniuliza kuhusu hema, maji, mamba na majira, kisha mwishoni ukaongeza neno moja kuhusu mtoto wako wa pili, kwamba ana SS, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, kama vile si sehemu ya swali. Kwangu mimi ndilo linaloamua safari yote, na nitalirudia. Lakini kwanza nikueleze bahari yenyewe, kwa sababu bila kuielewa hutaona kwa nini ninakushauri hivi.

Nyinyi ni watu wa ziwa, na mmelala nje mara tatu salama. Hiyo ni faida kubwa: watoto wanajua giza, wanajua kuishi bila stima, wanajua kusaidia kufunga kamba. Ila mazoea ya Moero yana jambo moja litakalowadanganya Mbudya. Ziwa ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale. Linapanda na kushuka kwa msimu, mvua za Luapula zikija au zikikatika, lakini si kati ya chakula cha jioni na chai ya asubuhi. Bahari inaondoka na kurudi mara mbili kila siku.

Kinachofanya kazi hiyo ni mwezi. Mwezi unavuta maji ya dunia, na bahari kwa kuwa ni moja, imeungana kutoka bara hadi bara, ina nafasi ya kuitikia: maji yanatuna kidogo upande unaoutazama mwezi na upande wa pili wa dunia pia. Dunia ikijizungusha, pwani ya Dar inapita kwenye vituno vyote viwili, ndiyo maana maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili. Tangu yajae hadi yajae tena ni kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku saa ya kujaa inasogea mbele karibu dakika 50. Ziwa Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilomita 670, na bado ni dogo mno kwa jambo hili. Mwezi unalivuta pia, lakini hakuna macho yatakayoona tofauti.

Jua nalo linavuta. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa umeandama tu, jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja na maji yanakwenda mbali sana pande zote mbili. Watu wa pwani wanaita bamvua. Pwani ya Dar es Salaam, siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa huweza kupita mita 3. Piga picha mlango wa nyumba yako, kisha ongeza mita moja juu yake. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi vinavuta pande tofauti, maji yanakuwa mazito, hayajai sana wala hayapwi sana. Hayo ni maji mafu.

Sasa angalia hema lako. Kwenye pwani ile, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi jioni na tena karibu saa kumi alfajiri. Hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mgeni wa ziwa anamaliza kuogelea, saa kumi na mbili anaona maji yanarudi nyuma na kumwachia mchanga mpana, laini, baridi. Anasema, Mungu ametutandikia. Anapiga hema pale. Saa nne usiku maji yako mbali, watoto wanalala. Saa kumi alfajiri bahari imerudi, na usingizi wa saa hiyo ndio mzito kuliko wote.

Hili nimelipitia. Mara yangu ya kwanza kupeleka vijana pwani niliweka mahema kama nilivyozoea Moero, karibu na maji. Tuliamshwa na mtoto aliyelia kwamba godoro linaogelea. Hakuna aliyeumia, nashukuru, lakini begi lenye pasipoti zote lilikuwa limelowa chumvi, na siku tatu zilizofuata nilizimaliza kwenye ofisi za uhamiaji nikijieleza. Tangu hapo sipigi hema kabla ya kutafuta mstari. Kila ufukwe una mstari wa mwani mkavu, vijiti na vifuu vya nazi, na hapo ndipo maji ya juu yalipoishia. Mara nyingi ipo mistari miwili. Wewe fuata ule wa juu kabisa, kisha panda zaidi hadi kwenye majani na miti. Usilale chini ya mnazi, nazi huanguka bila kupiga hodi. Mbudya ina mibuyu mizuri, na upande unaotazama bara, ambako boti hutia nanga, pana vibanda vya makuti. Mlinzi wa hifadhi atakuonyesha mahali panaporuhusiwa, na hapo usibishane naye. Ziada moja kuhusu mchanga: vile vigingi vifupi vinavyoshika udongo mwekundu wa Katanga havishiki mchangani. Jaza mchanga kwenye mifuko ya nguo, funga kamba, ifukie kwa kina cha mkono. Upepo wa mwezi wa saba utakuelewesha kwa nini.

Na kuhusu saa, tafadhali sana. Dar iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Zaidi ya hilo, pale watu wanahesabu saa za Kiswahili tangu jua kuchomoza. Mwenye boti akikuambia "nitawafuata saa kumi," anamaanisha alasiri, ile tunayoiita hapa seize heures (16:00), si dix heures (10:00). Nimeona familia zikikaa na mizigo kwenye jua nusu siku kwa neno hilo moja.

Maji ya kunywa. Hapana, Mama, maji ya bahari hayachemshwi yakawa ya kunywa. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa maji ya Moero au ya mto ni jambo jema sana. Lakini chumvi haiondoki na mvuke, inabaki sufuriani. Unajua mwenyewe mchuzi ukiachwa muda mrefu motoni unavyozidi chumvi, ndivyo itakavyokuwa. Lita moja ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi, kama vijiko sita vya chai. Figo za mtu haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kiasi hicho, kwa hiyo mwili unachukua maji yake wenyewe ili kuisukuma nje. Anayekunywa bahari kwa kiu anazidi kukauka. Na kisiwani hakuna mto wala chemchemi ya kutegemea.

Kwa hiyo mabidoni mtabeba, ila si kutoka Katuba. Mtayanunua na kuyajaza bara, Kunduchi, mnapopandia boti. Mimi nahesabu lita 5 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika pamoja. Watu watano, usiku mmoja wenye siku mbili, ni lita 50. Kisha naongeza siku nzima ya akiba, lita 25, kwa sababu upepo unaweza kumzuia mwenye boti asije siku mliyopanga. Hizo ni bidoni nne za lita 20. Vyombo suuzeni kwa maji ya bahari kwanza, kisha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kidogo tu. Sabuni ya kawaida haitatoa povu kwenye chumvi, msidhani ni mbaya.

Mamba: Moero wapo na mlifanya vema kuwaogopa. Mbudya hapo si wao wa kuogopa, wala viboko, wala hata papa. Kinachoumiza watu pale kiko chini ya nyayo. Kwenye miamba wamejaa wanyama wa duara wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya ngozi. Yuko samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Yuko samaki bapa aitwaye taa, anayejifukia mchangani na mkia wake una mwiba. Dawa ni viatu vya kuogelea, au raba za zamani, kwa kila mtoto, muda wote majini, na kuburuza miguu mchangani badala ya kupiga hatua, ili taa asikie na kuondoka. Mtu akichomwa na samaki, tumbukizeni mguu kwenye maji ya moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua (mtu mzima ayapime kwa mkono wake kwanza), kwa dakika 30 hadi 90. Joto linapunguza nguvu ya sumu hiyo. Kisha hospitali, hata maumivu yakipungua. Watoto wasiokote makombe: mengine yana konokono hai mwenye sumu, na isitoshe ni hifadhi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vililindwa tangu 1975, na matumbawe yale yalipigwa sana na baruti za wavuvi huko nyuma. Kila kombe linaloachwa ni nyumba ya kiumbe kingine.

Kwa mama mkwe sitatuma jibu la dharau. Mimi nimekulia Kipushi na bibi yangu alitutisha kwa mamba muntu huyo huyo, na nikiangalia sasa naona alichokuwa analinda: watoto wasiingie maji wasiyoyajua bila mtu mzima. Mwambie ana haki. Maji yanapopwa yanatoka kwa nguvu kati ya kisiwa na bara, na mwogeleaji mzuri wa ziwa anaweza kubebwa bila kelele yoyote, huku anaona ufukwe ukienda mbali. Aliyebebwa asishindane na mkondo. Aelee, akate kwa upande, apunge mkono. Chumvi inasaidia kuelea kuliko ziwa. Mweleze mama kwamba wajukuu wataogelea maji yakiwa yanajaa tu, mbele ya macho yako, na kwenye boti kila mmoja atavaa jile ya kuokoa (jaketi la kuelea) ya saizi yake. Mwenye boti akisema jile ziko chache lakini safari ni fupi, shukeni. Tumelia vya kutosha kwa boti za Kivu na Tanganyika.

Mwezi wa saba una sura mbili. Mvua za masika zimekwisha na joto limepungua, hilo ni zuri. Lakini ni majira ya kusi, upepo wa kusini mashariki, na mwezi wa sita hadi wa nane ndio unavuma kwa nguvu. Mara nyingi asubuhi bahari imetulia, mchana inachafuka. Vukeni asubuhi, rudini asubuhi. Kama shule zingeruhusu ningekupa Oktoba, pepo zinapobadilishana na bahari inakuwa kama mafuta. Hamwezi, basi chagueni siku ndani ya mwezi huo huo. Toka uani Katuba usiku uangalie juu. Ukiona mwezi umekatwa nusu sawasawa, siku moja au mbili baadaye ni maji mafu. Siku hizo maji yanajaa karibu saa nne au saa tano asubuhi, mikondo ni dhaifu, watoto wanaogelea mchana kweupe karibu na ufukwe. Kwa familia inayoona bahari mara ya kwanza nisingeweka hema usiku wa bamvua hata kidogo.

Sasa mtoto wako. Nafurahi hajaumwa mwaka mzima, na najua kazi iliyo nyuma ya mwaka huo. Dar mtakapofika, neno la kutumia hospitalini ni selimundu. SS watakuelewa, lakini selimundu wanaijua kila mahali. Jina lenyewe linaeleza: chembe nyekundu za damu, zikikosa maji au hewa, zinajipinda kama mundu, zinanasa kwenye mishipa midogo, na hapo maumivu yanaanza. Vitu vinavyozipinda ni kiu, baridi, homa na uchovu. Na figo za mtoto wa SS haziwezi kubana mkojo kama za wenzake, kwa hiyo anapoteza maji mengi hata akiwa amekaa kivulini. Lita 5 nilizohesabu, kwake ni mwanzo tu, na asisubiri kusikia kiu.

Sasa weka hayo kwenye kisiwa chenye jua kali mchana, upepo wa kusi jioni baada ya kuogelea, bila maji baridi, bila zahanati, na boti ambayo haipendi kusafiri usiku. Maumivu yakianza saa tano usiku utangoja mapambazuko. Sisemi haiwezekani. Nasema daktari anayemfuatilia hapa Lubumbashi ndiye aamue, akiwa naye mbele yake, si mimi kwa maandishi. Nendeni angalau mwezi mmoja kabla. Mwulizeni mambo matatu: kama hali yake inaruhusu kulala mbali na hospitali, dawa gani za maumivu mbebe na kwa kipimo gani, na kinga ya malaria, kwa sababu kwake malaria ni hatari kuliko kwa ndugu zake. Mwombeni barua fupi inayoeleza hali yake. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili wana uzoefu mkubwa wa ugonjwa huu, lakini kutoka Kunduchi foleni ya Dar inaweza kukula saa nzima na zaidi.

Akikataa, au akisitasita, msifute safari. Laleni bara, kwenye ufukwe wa Kunduchi au Kigamboni ambako hema linaweza kuwekwa kwenye uwanja wa hoteli, bomba la maji liko hatua chache, na gari liko mlangoni. Mbudya mwende asubuhi mapema, mrudi kabla bahari haijachafuka. Mtakula samaki wa kukaanga anayeuzwa palepale, mtaogelea, mtoto ataona yote wanayoona wenzake. Ukiniuliza moyoni mwangu, kwa mara ya kwanza ndivyo ningefanya hata daktari akikubali. Kama watoto wanang'ang'ania kulala kisiwani, basi usiku mmoja, si mbili, na mkubaliane na mwenye boti abaki na nyinyi. Atataka alipwe usiku huo. Mlipeni.

Msisahau njia. Kutoka Kasumbalesa mtavuka Zambia hadi Nakonde na Tunduma, kisha Mbeya na Iringa, ambako mwezi wa saba usiku ni baridi. Blanketi la huyo mtoto likae mkononi, si chini ya basi. Wote muwe na kadi ya njano ya chanjo, na muulize masharti ya viza ya Tanzania kwenye ubalozi wao mdogo hapa Lubumbashi, na ya Zambia pia. Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022; kwenye kiingilio cha hifadhi ulizeni kama bei ya watu wa Jumuiya inawahusu, na mdai risiti. Sashe za plastiki (ile mifuko ya kubebea) ziacheni nyumbani, Tanzania ilizipiga marufuku tangu Juni 2019. Fungeni vitu kwenye mifuko ya kitambaa.

Mkirudi, homa yoyote ndani ya wiki chache zinazofuata mpimwe malaria siku hiyo hiyo, na daktari aambiwe mlikuwa pwani. Kwa huyo wa miaka 10 homa haingojwi hadi kesho, hata mngekuwa hamjasafiri popote.

Bwana akishajua tarehe ya mizigo, niandikie. Nitakuhesabia mwezi utakuwa wapi usiku ule, na maji yatajaa saa ngapi, kwa saa za Dar.